Tasi ana sumu, bunju ni sumu

Samaki wa bahari hufika Mbeya akiwa amechoka kuliko abiria. Amelala usiku kucha ndani ya deli la barafu, amevuka Mikumi, amepanda Kitonga, amepita Iringa na Makambako, na asubuhi anapowekwa mezani macho yake yameshaingia ukungu. Sisi wa huku tumezoea samaki wa maji baridi: mbasa na dagaa wa Kyela, sato, kambale. Wa bahari tunamnunua kwa kubahatisha. Jina lake tunaambiwa na muuzaji, na muuzaji naye aliambiwa na dereva.

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mama mmoja ninayemzoea, nikisubiri anifungie. Alikuwa anawabandua samaki walioshikana kwa barafu, mara akaruka nyuma ameushika mkono. Kwenye kidole cha kati palikuwa na tone moja la damu, si zaidi ya lile la sindano ya kushonea. Haikufika dakika tano, mama mtu mzima aliyezaa mara tano alikuwa analia machozi, na mkono umeanza kujaa hadi kiganjani.

Kilichofuata ndicho kilichonitia uchungu wa kuandika. Mmoja alikimbilia pakiti ya maziwa, anywe "kuua sumu". Mwingine akasema ziko dawa za jiwe la nyoka kwa mzee fulani, aletwe. Wa tatu alishatoa wembe. Muuza vitunguu wa jirani akaingia mtandaoni, akasoma kwa sauti kwamba samaki fulani wa baharini anaua binadamu kwa dakika chache, picha yenyewe wala haikufanana na samaki aliyekuwa mezani. Kabla ya saa sita soko zima lilishajua kwamba meza ya mama yule ina samaki wenye sumu. Wateja wakahamia kwenye dagaa. Jioni deli zima lilimwagwa jalalani, mtaji wa wiki nzima.

Aliyemsaidia alikuwa mzee fundi baiskeli, mtu wa Kilwa aliyekuja huku na kazi za reli ya TAZARA miaka ya sabini, akaoa, akabaki. Alimwambia mama ntilie, "Dada, nipe maji yako ya chai." Akayachanganya na ya baridi kwenye bakuli, akayapima kwa kiwiko chake kama anayeandaa maji ya kumwogesha mtoto, kisha akasema, "Tumbukiza mkono, mwanangu. Yawe ya moto unayoyavumilia, yasikuunguze. Yakipoa useme." Nusu saa baadaye mama alikuwa anaweza kuongea, na neno la kwanza lilikuwa "ndaga fijo, mzee", asante sana kwa Kinyakyusa. Vijana wakamzunguka fundi: hao samaki si wana sumu, watu watakufa? Mzee akamnyanyua mmoja kwa mkia. "Huyu tasi," akasema. "Ana sumu. Lakini si sumu."

Hawakumwelewa, na deli likamwagwa.

Mimi nimekaa na ile kauli yake, na kadiri ninavyoigeuza naona fundi baiskeli alisema kwa maneno matano jambo ambalo vitabu vyetu vya sayansi hulizungusha kwa kurasa mbili na bado mwanafunzi hutoka nalo likiwa nusu. Kiswahili tuna neno moja, sumu, kwa kilichomo kwenye jino la kifutu na kilichomo kwenye kiazi kilichokaa juani hadi kikawa kijani. Lakini hivi viwili haviendi njia moja mwilini, havitibiwi namna moja, na havikuletwa na sababu moja. Kimoja hakidhuru mpaka kipenyezwe chini ya ngozi. Kingine hakina habari nawe mpaka ukile. Anayevichanganya atamwagia jalalani chakula kizuri, au, na hili ndilo baya zaidi, atakula kifo kwa sababu hakioni kimevaa mwiba.

Tumwanze tasi mwenyewe, maana amesingiziwa. Wengine humwita chafi, na pwani ya Kenya ni tafi. Anayefika sana mezani kwetu ni yule ambaye wataalamu humwita Siganus sutor, wa Bahari ya Hindi upande huu wa magharibi, mwenye mwili bapa na kinywa kidogo kinachotafunatafuna kama cha sungura. Anaweza kufika sentimita 45, ingawa wanaouzwa kwa kawaida ni wadogo kuliko hapo. Si mwindaji. Chakula chake ni mwani na majani yanayoota chini ya bahari, na kazi hiyo ya kuchunga ni ya maana kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mwani ukiachwa ujiotee hufunika matumbawe, na matumbawe yakifunikwa hayapati mwanga. Mvuvi wa pwani humnasa kwa dema, ule mtego wa kusuka kwa fito, na kila mvuvi wa dema anajua kwa kidole chake kwamba tasi hashikwi ovyo.

Ana miiba 13 mgongoni, 7 chini nyuma ya tumbo, na 2 kila upande kwenye mapezi ya tumboni. Jumla ni 24, yote ina tezi za sumu pembeni. Hebu fikiri kama wewe ndiye samaki mkubwa unayetaka kummeza: umwingie kwa juu, umwingie kwa chini, utachomwa tu. Lakini mnofu wake hauna kitu. Sumu imekaa kwenye miiba kama bunduki ilivyokaa begani kwa askari, haikuenea kwenye damu ya askari.

Kuna jambo moja la tasi ambalo napenda kulisimulia hata pasipo sababu. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Australia walichapisha walichokiona kwenye matumbawe ya huko kwao: baadhi ya jamii za tasi hutembea wawiliwawili, na wakati wa kula hupokezana zamu. Mmoja huingiza kichwa kwenye ufa wa jiwe akila, mwenzake husimama wima majini akitazama hatari. Kisha hubadilishana. Nani alijua kwamba samaki wa fungu la elfu tano anajua kulinda zamu ya mwenzake kuliko majirani wengine wa mjini.

Nirudi kwenye bakuli la maji. Wengi pale sokoni walidhani mzee anafanya uganga. Sumu ya miiba ya samaki hawa, kuanzia tasi hadi wale wakali nitakaowataja, kwa sehemu kubwa ni protini, na protini ni kitu cha umbo. Yai ni protini: ute wake ukipata moto hugeuka mweupe, na ukishageuka haurudi tena kuwa ute hata ukiuweka kwenye friji mwaka mzima. Ndivyo inavyopotea sumu ya mwiba. Ushauri wa kitabibu ni kutumbukiza kiungo kilichochomwa kwenye maji ya takriban nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiangalia usiongeze jeraha la moto juu ya jeraha la mwiba; kidole chenye maumivu makali hakipimi joto vizuri, ndiyo maana mzee alitumia kiwiko chake. Baada ya hapo mtu aende zahanati, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani na pepopunda haina adabu.

Watu wa Mbeya tuna tabia ya kusema huku maji hayachemki sawasawa. Ni kweli, mwinuko wa mita 1,700 hivi unafanya maji yachemke karibu na nyuzi 94 badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni. Kwa tasi haina neno. Kikaango cha mafuta au mchuzi unaotokota kwa robo saa umeshaipita mbali joto la kuiharibu sumu ile, hata kama mwiba mmoja umesahaulika kwenye sufuria. Barafu ndiyo haisaidii. Samaki aliyekufa juzi Bagamoyo na kugandishwa anaweza kukuchoma leo Mbeya, kama mama yule alivyokuja kuthibitisha.

Sasa mgeukie bunju. Huyu ukimgusa hakufanyi lolote. Anajivimbisha kama puto, watoto wa pwani humcheka wakimkuta ufukweni, na ngozi yake hata kama ina vijimiiba, vijimiiba hivyo havina tezi. Hatari yake imo kwenye ini, mayai, mara nyingi na ngozi: sumu inayofunga milango ya neva, mtu akaanza kufa ganzi midomoni, kisha viungo, kisha misuli ya kupumulia. Akili hubaki macho. Haina kiuasumu. Na tofauti na ya tasi, haijali moto. Chemsha, kaanga, choma, kausha kwa moshi, ipo palepale. Nahodha James Cook aliijua Septemba 1774 kule New Caledonia, alipoonja kipande kidogo tu cha ini la samaki wa jamii hiyo usiku, akaamka mikono na miguu haina nguvu, hajui tofauti ya chombo kizito na unyoya. Aliponea chupuchupu kwa sababu hakushiba.

Bunju hana silaha, yeye mwenyewe ndiye silaha. Ndiyo maana nasema bunju ni sumu.

Hapa mtu wa nyanda za juu ataniuliza inamhusu nini, bunju haji Mbeya. Nitamjibu kwa jambo lililotokea Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba. Watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Kasa hana mwiba. Hana jino la sumu, hana mkia wa kuchoma, ni mnyama mpole kuliko mbuzi. Ila nyama yake mara nyingine hubeba sumu ambayo inadhaniwa hutokana na anavyokula, na kupika hakuiondoi. Watu wale walikuwa watu wa bahari, wamezaliwa na samaki mkononi. Kama ujuzi wa pwani wenyewe unaweza kuteleza hapo, sisi tunaopokea samaki asiye na jina kwenye deli tuna haki gani ya kujiamini? Na jiulize: mezani pangekuwa na kipande cha kasa na tasi watano, siku ile soko lingekimbia kipi?

Samaki aliyesomwa mtandaoni na muuza vitunguu alikuwa samaki jiwe, Synanceia verrucosa. Huyu anastahili nafasi yake, si kwa vitisho bali kwa sababu maisha yake ni fumbo zuri. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, kwenye matumbawe na mchanga wa maji mafupi. Hana magamba. Ngozi yake ina vinundu na utelezi, mwani huota juu yake, na macho yamegeukia juu kama ya mtu aliyelala chali. Hana kibofu cha hewa cha kumwinua majini, kwa hiyo makazi yake ni chini tu, nusu amejifukia. Atakaa hapo siku nzima. Kidagaa akipita mbele ya kinywa, kinywa hufunguka na kumfyonza pamoja na maji, tendo zima kwa takriban sehemu 15 za elfu ya sekunde. Jicho lako halina muda wa kuliona.

Fumbo ni hili: samaki aliyejificha vizuri kiasi hicho, tena asiyehitaji sumu kupata chakula, amebebea nini miiba 13 yenye sumu mgongoni? Nyoka wetu kifutu ndiye anayenisaidia kulifumbua, maana watu wa Usangu na mabonde ya Songwe wanamjua kuliko samaki yeyote. Kifutu naye hulala kimya njiani rangi ya majani makavu, hakimbii mtu akija, na wengi wanaogongwa naye ni waliomkanyaga. Mpaka hapo ni ndugu. Lakini kifutu ana meno yenye tundu na misuli inayokamua tezi. Yeye ndiye anayeamua kugonga, na sumu hiyohiyo ndiyo anayoulia panya wake. Samaki jiwe haamui. Kila mwiba umezungukwa na ngozi nene, pembeni una mifereji miwili, na kando ya kila mfereji kuna kifuko cha sumu. Hakuna msuli wa kuisukuma. Unapokanyaga, uzito wako unaisukuma ngozi chini, kifuko kinabanwa, sumu inapanda mferejini na kuingia kwenye unyayo. Kwa maneno mengine, unajidunga mwenyewe kwa kilo zako.

Kujificha kwake, basi, ni kwa ajili ya tumbo. Miiba ni bima ya ubaya wa kujificha: ukifanana na jiwe sawasawa, mwenye meno makubwa anayepekua mchanga atakupekua na wewe. Kifutu angekuwa na silaha ya aina hii ingebidi awe na miiba mgongoni.

Maumivu yake, kwa maelezo ya madaktari na ya waliochomwa, ni ya kumfanya mtu mzima aombe akatwe mguu. Lakini vifo vilivyothibitika ni nadra sana, na Australia imekuwa ikitengeneza kiuasumu chake tangu mwaka 1959, kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu hiyo kidogokidogo. Wanaokaa karibu naye hapa kwetu si watalii wa kwenye picha. Ni wanawake wanaotembea juu ya mwamba bamvua linapotoa maji, wakipekua mashimo ya pweza, na wakulima wa mwani wa Zanzibar, kilimo kilichoanza kibiashara huko mwaka 1989, ambao kutwa nzima wamo kwenye maji ya magotini. Samaki jiwe anaweza kubaki hai hadi saa 24 maji yakishamkimbia, mradi ana unyevu. Kandambili mwiba wake unaitoboa. Orodha za mtandaoni za "samaki 10 hatari duniani" haziwataji kabisa wanawake hawa, wala haziwaambii kuhusu maji moto. Zinamwambia tu kijana wa Mbeya kwamba bahari inaua.

Wa tatu wa ukoo wa miiba ni samaki simba, yule mwenye mistari ya kahawia na nyeupe na mapezi yaliyotandazwa kama kanga juani. Yeye badala ya kujificha anajitangaza. Miiba yenye sumu ni 18. Hayo mapezi makubwa ya pembeni yanayotisha ndiyo yasiyo na sumu hata chembe. Kwetu ana maadui na washindani wake na wala si gumzo. Gumzo ni huko alikohamia: mwaka 1985 ndugu yake wa Pasifiki alionekana kwenye maji ya Florida, inaaminika alitokana na waliofugwa majumbani, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2010 walishatapakaa sehemu kubwa ya Karibiani. Jike mmoja anaweza kutoa mayai milioni 2 kwa mwaka. Utafiti uliofanyika Bahamas na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwenye miamba midogo alikowekwa, ongezeko la samaki wachanga lilipungua kwa asilimia 79 ndani ya wiki 5. Samaki wa huko hawakuwa wamewahi kumwona, hawakujua kumkimbia.

Na serikali na wavuvi wa huko wakafanya nini? Wakaanza kumla. Kampeni zao zilikwama kwanza kwenye ukuta uleule wa mama yetu wa sokoni: watu wakisikia ana sumu, wanasikia ni sumu. Ilibidi wapishi wasimame hadharani, wakate miiba kwa mkasi, wakaange, wale wenyewe mbele ya watu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kupendekeza BAKITA, baraza letu la Kiswahili, watupatie neno jipya, moja la sumu ya kudungwa na jingine la sumu ya kuliwa. Lugha nyingine za wazungu zina maneno mawili, kwa nini sisi tusiwe nayo? Nimebadili mawazo nusu ya safari. Kiswahili hakikukosa tofauti hii, kimeiweka mahali pengine: kwenye kitenzi. Mtu hugongwa na nyoka, huumwa na nge, huchomwa na mwiba. Kwa upande wa pili mtu hula sumu, hunywa sumu, hulishwa sumu, hutiliwa sumu. Hakuna Mswahili atakayesema fulani kalishwa sumu na nyuki. Na juu ya vitenzi ipo hiyo "ana" na "ni" ya fundi baiskeli. Nyuki ana sumu, asali yake tunakula. Nadhani hata mwenye kuunda maneno ofisini asingepata jozi fupi kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba tumeacha kuisikiliza. Magazeti huandika "samaki mwenye sumu" kwa bunju na kwa tasi bila kupepesa. Mwalimu hufundisha "viumbe wenye sumu" kama fungu moja, mwanafunzi anatoka akijua kwamba dawa ya fungu hilo ni maziwa. Maziwa hayafiki kwenye kidole kilichochomwa, na hata kwa aliyekula sumu hayachukui nafasi ya hospitali. Jiwe la nyoka halifyonzi kitu. Wembe unaongeza jeraha. Na niseme wazi, kwa kuwa nimesifu maji moto sana: hayo ni ya miiba ya samaki. Aliyegongwa na kifutu hachovywi popote. Mguu wake utulizwe usichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Hata ndani ya zile zinazoingia kwa kudunga, basi, hakuna dawa moja.

Mwenye kupenda mambo yaliyonyooka atanishika kwenye mshale. Wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka mishale sumu ya miti, mnyama akaanguka, wakakata nyama ya pale mshale ulipoingia, nyingine wakala na hawakufa. Kwa hiyo iliyodungwa haikudhuru ilipoliwa. Sawa, lakini mti ule ukichuma majani yake ukayatafuna utajuta. Dunia ina vitu vya mpakani. Wapo hata samaki wa matumbawe ambao si sumu kwa kuzaliwa, ila huja kuwa sumu kwa kula waliokula vijidudu fulani vya kwenye mwani. Huyo leo ni chakula, mwaka kesho si chakula, kwenye mwamba uleule. Mpaka ukiwa na ukungu haina maana nchi mbili hazipo.

Na huku kwetu tunazo nchi zote mbili bila kwenda baharini. Njombe na Makete ndiko viazi mviringo vinatoka, na kila mkulima amewahi kuona kiazi kilichofukuka tutani kikapigwa na jua kikawa kijani: kile ni sumu, na chipsi haziiondoi. Mvua zikianza Iringa, watu huingia porini kuchuma uyoga, na kila msimu bibi anayejua kuchagua ni wa thamani kuliko kapu lenyewe. Upande wa pili, Ziwa Nyasa lina samaki wa jamii ya ngogo, na ngogo ni ukoo ambao miiba yake ya mapezi imepimwa na kukutwa na sumu. Mtafiti mmoja mwaka 2009 alikadiria kwamba samaki wenye sharubu wenye sumu miibani ni zaidi ya aina 1,250, hesabu inayozidi kwa mbali wale wa matumbawe wanaotajwa kila siku. Mvuvi wa Matema akichomwa hufinya kidole, hutukana kidogo, hutupa samaki kwenye mtumbwi, na jioni anamla. Hajawahi kumwaga mtumbwi mzima ziwani.

Nimerudi kwenye meza ya mama wiki iliyopita. Ameanza tena, kwa mkopo, na tasi wamo. Sasa ana mkasi wa kukatia kuku: kabla hajampara samaki anakata miiba ya juu, anamgeuza, anakata ya chini, vipande anavitumbukiza kwenye chupa ya plastiki ya maji na kufunga kifuniko. Nikamuuliza chupa ikijaa inakwenda wapi, maana nyuma ya meza zake kulikuwa na watoto wawili peku wakiokota chupa za kuuza. Akaitazama ile chupa, akawatazama watoto.

"Hapo sasa, baba," akasema, akairudisha chini ya meza.